Jasho la Arnold Limefutwa na Nani?

Mfyuu! Nimesonya kabla ya salamu, mnisamehe, lakini mambo mengine hayastahili salamu. Arnold Schwarzenegger yuko porini, wenzake wamekwisha mmoja mmoja, amebaki yeye na lile zimwi lisiloonekana, na ngozi yake imenyooka, laini, inang'aa kama sanamu ya kuvalishia suti kwenye maduka ya Kariakoo. Hana kinyweleo. Hana kovu. Kakimbia msitu mzima wa Mexico, kaanguka kwenye maporomoko ya maji, kagaragara kwenye tope, na usoni hajatoka hata tone.

Jasho lilikuwepo. Limefutwa.

Hiyo ni Predator, toleo la Blu-ray la 2010, na kwa wanaofuatilia mikanda ya zamani toleo hilo lilishahukumiwa zamani. Filamu yenyewe ni ya 1987, ya John McTiernan, mpiga picha mkuu akiwa Donald McAlpine. Diski ya kwanza, ya 2008, ilionyesha chembe zote za filamu, na watazamaji wenyewe ndio waliolalamika: mbona picha ina chenga? Tusijifanye watakatifu hapa. Studio ikawasikia, ikaipitisha picha kwenye mashine, chenga zikaondoka, na jasho likaondoka nazo.

Dogo anayetengeneza simu hapa kijiweni akaniuliza, "Sasa mzee, jasho na chenga vinahusiana wapi?"

Swali la maana. Filamu ya zamani si faili, ni utepe uliopakwa chembe za chumvi ya fedha. Mwanga ukizigusa, kisha utepe ukasafishwa, kinachobaki ni madoa madogo sana ya rangi pale chembe zilipokuwa. Madoa hayo hayakumwagwa juu ya picha. Ndiyo picha yenyewe. Yamejipanga ovyo, na kila fremu, katika zile 24 za kila sekunde, ina mpangilio wake. Programu ya kufuta chenga inalinganisha fremu jirani: kilichotulia inakiamini, kilichobadilika inakishuku. Haya, usoni mwa mtu anayepigania roho yake ni kitu gani kinachobadilika kila fremu? Tone la jasho linaloteleza. Vumbi linalopita mbele ya macho. Mshipa wa shingo unaotuna. Vyote vinakamatwa katika msako mmoja na chembe, vinatupwa nje. Halafu, kwa kuwa picha sasa imekuwa butu, wanaiongezea makali ya kingo, na kila kichwa kinazungukwa na mstari mwembamba mweupe ambao hakuna jua lililouweka pale.

Mkanda wa mapenzi unaweza kuvumilia dhuluma hiyo, labda na waigizaji wakashukuru. Mkanda wa kupigana hauvumilii. Tunalipa kiingilio kuona mwili wa mtu ukifanya jambo gumu. Steringi akiruka tunataka kuona kapoteza pumzi, adui akipigwa tunataka kuona shavu limetikisika. Ngozi ndiyo ushahidi. Ukiifuta ngozi umebakiwa na hadithi, na hadithi ya Predator, tuambizane ukweli, unaimaliza kabla kahawa haijapoa.

Mwaka 2018 mkanda huohuo ulitoka kwa 4K, chembe zimerudi, Arnold kawa mtu tena. Kesi ikafungwa. Tukadhani somo limeeleweka.

Kumbe James Cameron hakuwepo darasani.

Mwishoni mwa 2023 mikanda yake mitatu, Aliens ya 1986, The Abyss ya 1989 na True Lies ya 1994, ilitolewa upya mtandaoni kwa 4K, diski zikafuata Machi 2024. Watu walikuwa na njaa, si kidogo. The Abyss na True Lies zilikwama kwenye DVD miaka nenda miaka rudi, wakati vichekesho visivyo na kichwa wala miguu vilishapata Blu-ray zamani. Kazi ilifanywa na kampuni ya Cameron, Lightstorm, pamoja na Park Road Post ya Wellington, New Zealand, kwa mwongozaji Peter Jackson, walewale waliosafisha picha za Vita vya Kwanza vya Dunia katika They Shall Not Grow Old na picha za Beatles katika Get Back. Mafundi wa kweli, siwatukani.

Lakini hapa mchezo umebadilika. Mashine ya 2010 ilikuwa inafuta tu. Akili mnemba inafuta, kisha inajaza. Imelishwa picha chungu nzima za nyuso, nywele, vitambaa na matofali, na pale ambapo filamu haikushika kitu, inakisia na kuchora. Uso mkubwa uliopigwa kwa karibu unaweza kupona, maana habari zipo. Balaa liko kwa mtu wa nyuma, yule aliyeachwa nje ya fokasi kwa makusudi kwa sababu mpiga picha hakutaka umwangalie. Mashine haijui makusudi. Inamwona hana macho, inamchongea macho. Inaona nywele zimekuwa ukungu, inazitenganisha waya kwa waya. Ndiyo maana True Lies mpya ina nyuso za nta ambazo papo hapo zina makali ya kisu, mambo mawili ambayo hakuna lenzi duniani inayoweza kuyatoa kwa pamoja. Jicho linajua kuna kitu hakiko sawa hata kama mdomo hauna jina la kukiita.

Na uliofanyiwa hivyo ni mkanda upi? True Lies! Mkanda uliojitapa kwamba mambo yamefanyika kweli. Walipata ndege za kijeshi za Harrier kutoka kikosi cha Marine cha Marekani. Pale Miami wakaning'iniza Harrier ya bandia kwenye kreni juu ya jengo, Arnold akapanda. Jamie Lee Curtis alining'inia mwenyewe chini ya helikopta, juu ya bahari ya Florida, na Cameron akiwa juu na kamera. Mwanamke ananing'inia hewani, uso wake una hofu ya kweli, nywele zinapigwa na upepo wa kweli, halafu baada ya miaka 30 unaipeleka picha hiyo kwa mashine ikamchore upya. Ulilipa pesa kuipata hatari, sasa umelipa tena kuificha. Mfyuu!

Kijiwe kiligawanyika, siwafichi. Mwalimu mstaafu, ambaye tunamwita Mwalimu hadi leo, anasema The Abyss imetoka safi kuliko zote, na hapo sibishani naye. Wakaguzi wengi waliisifu. Ule mkanda waliupiga kwenye kinu cha nyuklia ambacho hakikumalizika kujengwa, Gaffney, jimbo la South Carolina, ndani ya tangi lenye maji yapata galoni milioni 7 na nusu, na Ed Harris na wenzake wakazama kweli na helmeti zao. Ndani ya toleo jipya maji ni maji. Vioo vya helmeti vina ukungu wa pumzi. Mkono wa mashine upo, ila umejizuia.

Aliens inanitatiza. Cameron hakuwahi kuipenda picha yake, siku zote amelalamikia aina ya filamu waliyotumia, kwamba ilikuwa na chembe kupita kiasi, na mwaka 2010 alishaisafisha kwa Blu-ray kwa kiasi ambacho hakikumuudhi mtu. Hii ya sasa kaivusha mpaka. Ukiitazama ukiwa umekaa mbali unaweza kuipenda, hasa kwenye giza la vile vichochoro. Sogea, mtazame Sigourney Weaver shavuni. Pale ndipo nilipomrudishia dogo rimoti yake.

"Lakini mzee," dogo akasema, "filamu si yake? Mwenye nyumba akipaka rangi nyumba yake, jirani anapiga kelele ya nini?"

Cameron mwenyewe alijibu hivyohivyo, tena kwa dharau zaidi. Alipoulizwa na jarida la Empire alisema watu waliofikia hatua ya kukagua chembe za filamu yake watoke kwenye vyumba vya chini vya mama zao wakatafute wachumba. Nikacheka. Ni jibu la kijiweni kabisa, angefaa kukaa hapa na sisi. Lakini halijajibu kitu. Nina mke na wajukuu, na shavu bado ni la nta.

Hili la mwenye nyumba tulitazame vizuri. Mwaka 2009 William Friedkin alitoa Blu-ray ya The French Connection, mkanda wake wa 1971 uliobeba Oscar ya filamu bora. Mnaujua hata kama jina limewatoka: ule wa polisi mwenye kofia anayefukuza treni kwa gari, treni inapita juu kwenye nguzo, yeye chini Brooklyn anapangua magari. Dereva wa hatari alikuwa Bill Hickman, na Friedkin mwenyewe alikaa kiti cha nyuma na kamera. Sehemu ya kazi hiyo ilifanyika bila kibali wala barabara kufungwa. Sasa huyu Friedkin, akiwa mtu mzima, akaamua rangi za New York ya baridi hazimfai tena. Akachukua picha nyeusi na nyeupe yenye makali, akaiwekea juu rangi iliyofifishwa, mji ukawa na wekundu wa ajabu na samawati inayovuja nje ya mistari.

Mpiga picha mkuu, Owen Roizman, aliyekuwa ameteuliwa kuwania Oscar kwa kazi ileile, akatoka hadharani. Akasema hakuulizwa, akaiponda kazi hiyo bila kumung'unya, na akanawa mikono. Mwongozaji na mpiga picha wake, mashavu mekundu mbele za watu! Mwaka 2012 likatoka toleo jingine, safari hii Roizman akiwa amekaa naye mezani, na baridi ikarudi New York.

Kwa hiyo dogo, nyumba ya nani? Yule wa 2009 alikuwa Friedkin, lakini hakuwa yule kijana wa kiti cha nyuma. Kwenye mkanda wa kupigana kuna mpiga picha, kuna fundi wa milipuko, kuna yule jamaa aliyeanguka ghorofani badala ya steringi na jina lake likapita mwishoni kwa haraka watu wakiwa wanavaa viatu. Hao wote kazi yao iko kwenye zile chembe. Mwongozaji ana haki ya kubadili mawazo, hata mara kumi. Kinachoniudhi ni akibadili mawazo halafu akaondoa sokoni kile alichokuwa anakiwaza mwanzo.

Msidhani nachukia kila marekebisho. Ridley Scott alipotoa toleo lake la mwisho la Blade Runner mwaka 2007, alikuwa na aibu ya miaka 25 ya kurekebisha. Kwenye mkanda wa 1982 yule mwanamke, Zhora, anakimbia akipigwa risasi na kupasua vioo, na mtu yeyote mwenye macho anaona kwamba anayekimbia ni mchezaji wa hatari aliyevalishwa wigi. Scott akamwita Joanna Cassidy mwenyewe, robo karne baadaye, akapiga kichwa chake upya, akakipachika kwenye mwili ule. Na mahali ambapo midomo ya Harrison Ford ilikuwa haiendi na sauti, aliyeazimwa mdomo ni mtoto wake wa kuzaa, Ben. Huo nao ni udanganyifu wa kompyuta, lakini angalau umefanywa kwa nyama ya watu. Kisha sanduku lile kubwa likauzwa na matoleo matano ndani yake, pamoja na yale ya 1982, wigi na yote. Umependa jipya, tazama jipya. Umependa wigi, wigi lako lipo. Nani atasonya hapo?

Cameron naye, mwaka 2017 alipoigeuza Terminator 2 kuwa ya vipimo vitatu, alirekebisha kioo cha mbele cha lile lori linaloruka kutoka darajani hadi kwenye mfereji. Mwaka 1991 kioo kinang'oka, picha inayofuata kimerudi. Karekebisha, sawa. Ila picha ya 4K iliyozaliwa na kazi ile imefutwa chembe hadi watu wamekuwa plastiki. Kuhusu mashine zinazotawala binadamu na mkanda huo huo kuchorwa na mashine, utani huo kila mtu ameshautoa, tuuache upumzike.

Mwalimu, ambaye alikuwa kimya anapanga kete za drafti, ndipo aliponichoma kisu. "Wewe uliyekulia kwenye vibanda umiza," akasema, "ulimsikiliza mtafsiri Lufufu akiufunika mkanda mzima kwa sauti yake, anampa Rambo mistari ambayo Rambo hajawahi kuisema. Kenya wana DJ Afro wao, Uganda wana mavijei wao. Mkanda wenyewe ulikuwa nakala ya nakala, Arnold kawa wa kijani, deki inakula utepe. Ulikuwa unaona chembe gani wewe?"

Kijiwe kikalipuka. Na ana haki nusu. Chembe sikuziona. VHS haikuwa na uwezo wa kuzishika, kulikuwa na chenga zake yenyewe juu ya chenga za nakala. Anayesema anataka picha iwe vile alivyoiona utotoni kibandani hajui anachoomba. Mimi siombi hivyo, naomba kile kilichokuwa kwenye utepe wa mwanzo, ambacho nilikuwa sijawahi kukiona hadi hizi diski nzuri zilipokuja.

Ila kuhusu Lufufu nilimkatalia. Marehemu alikuwa anasema na sisi, sauti yake unaijua, kila mtu mle ndani alijua huyu ni Lufufu na yule ni Rambo. Hakuna aliyetoka akidhani Sylvester Stallone anajua Kiswahili. Alipoweka neno lake, aliliweka wazi, na chini yake mkanda uliendelea bila kuguswa. Mashine ya kujaza nyuso haitangulizi sauti yake. Inachora na kunyamaza, na jalada la diski linaandika kwamba picha imerejeshwa katika ubora wake.

Na diski bado ina heshima, maana ukishainunua ni yako, hakuna anayekuja usiku kuibadilisha. Mtandaoni ndiko kuna maajabu. Han Solo wa Star Wars mnamfahamu: mwaka 1977 alimpiga risasi Greedo mezani bila kusubiri, mtu wa mjini huyo. Mwaka 1997 mwongozaji George Lucas akamfanya Greedo aanze yeye. Mwaka 2004 wakapiga karibu kwa pamoja. Mwaka 2019, Disney+ ilipofunguliwa, watu wakakuta Greedo kaongezewa neno ambalo halikuwahi kuwepo. Mkanda wa 1977 wenyewe, katika ubora wa kisasa, dukani huupati. The French Connection nayo, mwaka 2023, Wamarekani walioitazama mtandaoni walikuta kipande cha mwanzoni ambapo yule polisi anatamka tusi la kibaguzi kimeondolewa, bila tangazo lolote. Tusi ni baya. Na yule polisi ni mbaya, mkanda ulikuwa unakuambia hivyo. Ghafla akawa na adabu kidogo, na aliyempa adabu hakujitaja.

Basi dogo kanitaka nimfundishe kukagua. Nikamwambia usiangalie uso wa steringi kwanza, hapo ndipo walipotia bidii. Angalia sikio lake. Angalia mkunjo wa shati. Angalia maandishi ya ukutani nyuma yake, kama herufi zimegeuka michoro isiyosomeka, mashine imepita hapo. Simamisha picha kwenye moshi au vumbi, uone kama bado ni moshi au umekuwa ute. Halafu tazama anga tupu: kama limetulia kabisa, halina chembe inayocheza, ujue limepigwa pasi. Na ukiona mtu aliye mbali barabarani ana macho yaliyokamilika kuliko yaliyotakiwa, zima.

Ila kabla ya kumlaumu Cameron, dogo, angalia kwanza seti yako. Televisheni nyingi mpya zinatoka dukani zikiwa na mpangilio wa kulainisha mwendo, zinatengeneza fremu za katikati ambazo hazikupigwa na mtu yeyote, na mkanda wa fremu 24 unaanza kuteleza kama tamthilia ya mchana. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi video maalumu kuwasihi watu wauzime. Tom Cruise! Mtu anayening'inia kwenye ndege kwa mikono yake, anaomba watu washike rimoti.

Nikamwambia hivyo mwenye kibanda cha hapo mkabala, ambaye kanunua seti kubwa, picha inateleza hadi inatia kizunguzungu. Akanijibu wateja wanaipenda hivyohivyo, na mechi ya Simba na Yanga inaonekana vizuri, mpira hauachi mkia. Kwenye mpira sina ubishi naye, iache. Lakini saa tatu usiku ukiweka First Blood ya Rambo, baba, nipe rimoti hiyo.